Ukumbini, uwanjani au nyumbani: mtoto achezee wapi ugonjwa wa kuambukiza ukipamba moto Dodoma

Ugonjwa wa mfumo wa hewa ukianza kusikika mjini, ujumbe wa kocha kwenye kundi la wazazi huwa ni ule ule: "Mazoezi Jumamosi saa tatu kama kawaida, tahadhari zote zimezingatiwa." Mzazi mmoja anajibu kwa dole gumba, mwingine anauliza kama ada itarudishwa, wengi wananyamaza. Wananyamaza kwa sababu swali ni gumu. Mtoto ana miaka tisa, karate ndiyo kitu pekee kinachomtoa kwenye simu, na bibi yake mwenye kisukari analala chumba cha pili.

Njia ziko tatu: kumwacha aendelee na mchezo wa ukumbini, kumhamishia kwenye mchezo wa uwanjani, au kumpumzisha nyumbani na kumtafutia mazoezi ya hapo hapo. Hakuna inayowafaa wote. Nyumba ya Ilazo yenye wazazi wawili vijana na nyumba ya Chang'ombe yenye vizazi vitatu chini ya bati moja haziwezi kupewa jibu moja. Ila vipimo vya kupimia vinaweza kuwa vile vile, na tuanze navyo.

Vipimo kabla ya uamuzi

Cha kwanza ni namna ugonjwa wenyewe unavyosafiri. Watu wengi hukiruka. Marburg, iliyotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Mpox, iliyothibitishwa nchini Machi 2025, husambaa zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula. UVIKO-19 na mafua hupita hewani. Kwa hiyo wakati wa mpox, mieleka kwenye nyasi za wazi ni ya hatari kuliko mpira wa meza ndani ya chumba. Wakati wa UVIKO-19 ni kinyume chake. Maelezo yanayofuata yanahusu magonjwa ya hewa, maana ndiyo yanayoleta ubishi huu wa ndani na nje.

Cha pili ni hewa ya mahali penyewe. Washa ubani kwenye chumba kilichofungwa: baada ya muda hata aliyekaa kona ya mbali anausikia, na ukitoka unabaki umening'inia. Matone madogo yatokayo kwenye pumzi ya mgonjwa huenda hivyo hivyo. Umbali wa mita moja au mbili husaidia kwa matone makubwa, lakini kwenye chumba kisichopumua haumalizi kazi.

Cha tatu, pumzi na kelele. Mtoto anayekimbia huvuta na kutoa hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa, na anayepiga kelele hutoa matone mengi kuliko aliyenyamaza. Mfano unaonisaidia zaidi hapa umetoka mji wa Cheonan, Korea Kusini, mapema mwaka 2020. Madarasa ya dansi ya mazoezi kwenye vituo 12 vya michezo yalihusishwa na wagonjwa 112 wa UVIKO-19. Vipindi vilikuwa vya dakika 50, vyumba vya takriban mita za mraba 60, yaani karibu na darasa la kawaida la shule. Lakini mwalimu mmoja aliyekuwa ameambukizwa alifundisha pia pilates na yoga, kwa vikundi vya watu saba au wanane, na kwa wanafunzi wale hakuonekana mgonjwa. Neno "ndani" peke yake halikutosha kueleza tofauti hiyo. Jambo jingine ni la Tampa, Florida, Juni 2020: mechi moja tu ya hoki ya barafu ndani ya ukumbi, wachezaji 14 kati ya 22 wakaugua pamoja na mfanyakazi mmoja wa ukumbi.

Cha nne, mtoto anakutana na nani. Watoto wanane wale wale kila wiki si sawa na watoto thelathini wanaobadilika, nusu yao wakiwa wametoka shule sita tofauti.

Cha tano, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: anarudi nyumbani kwa nani. Kwenye UVIKO-19 watoto wengi waliugua kidogo na wazee ndio walioumia. Ila hiyo si sheria ya kila janga. Homa ya mafua ya H1N1 ya mwaka 2009 iliwagusa watoto na vijana zaidi ya wazee, na homa kubwa ya 1918 iliua vijana wengi wenye nguvu zao. Ukibeba kanuni ya "watoto hawadhuriki" kutoka janga moja kwenda jingine, utapotea. Sikiliza Wizara ya Afya inasema safari hii nani ndiye anayeumia.

Cha mwisho ni kile mtoto anachopata au kukosa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Kumzuia mtoto asicheze kuna gharama yake pia, ingawa yeye hatapelekwa wodini kwa sababu hiyo.

Njia ya kwanza: kuendelea na ukumbi

Hewa. Hapa ndipo kumbi nyingi za mji huu zinaposhindwa, na si kwa ubaya wa mtu. Ukumbi wa kukodi, uwe wa kanisa, wa shule au wa sherehe, umejengwa kwa ajili ya mikutano. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, na dirisha la kusukuma hata ukilifungua lote, linalofunguka ni nusu. Juu kuna dari ya jipsamu iliyozibwa vizuri. Halafu kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma unaleta vumbi, na mtunza ukumbi, kwa haki kabisa, anafunga kila kitu ili asifagie mara tatu kwa siku.

Feni ya dari haileti hewa mpya, inachanganya iliyopo. Kiyoyozi cha ukutani nacho, kwa mitambo iliyozoeleka huku, huvuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha humo humo. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni ni jambo jema, ila haisafishi hewa. Na kile kipimajoto cha mfano wa bunduki hakimnasi mtoto ambaye dalili zake zitaanza kesho, wakati kwa UVIKO-19 mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo mtu akiniambia "tahadhari zote", huwa nauliza madirisha kwanza.

Kuna vipimo vya hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, vinavyouzwa. Nje husoma takriban 420 kwa kila sehemu milioni moja za hewa (ppm), na ndani wengi hulenga isivuke 800. Ukikosa, funga kipande cha karatasi laini ya msalani kwenye nondo ya dirisha. Kikipepea, hewa inapita. Kikining'inia tu, tafuta dirisha la upande wa pili lifunguliwe. Kisha ingia ukumbini dakika za mwisho za kipindi: ukipokewa na joto na harufu ya jasho, umeshapata jibu.

Michezo ya ndani si mmoja, na wazazi wengi huihukumu kwa pamoja. Mpira wa meza ni watoto wawili, meza katikati, kelele kidogo. Mpira wa vinyoya una nafasi kubwa zaidi kati ya wachezaji, ila una kukimbia kwingi, na kigumu ni kwamba wachezaji hupenda madirisha yafungwe ili upepo usipeperushe kinyoya. Karate na taekwondo zina kelele za kila pigo, na mazoezi ya wawili wawili uso kwa uso. Kikapu cha ndani, dansi na sarakasi ni pumzi nzito kwa wote kwa wakati mmoja. Sataranji na bao si vya jasho, lakini watoto hukaa muda mrefu wameinamiana. Mwalimu wa karate anaweza kufundisha kata tu, yaani mfululizo wa mapigo ambao mtoto huufanya bila mwenzake, kwa wiki kadhaa, kila mtoto mahali pake, bila kelele. Mchezo ule ule unakuwa mwingine kabisa kwa upande wa hatari.

Watu. Sifa kubwa ya ukumbi ni kwamba idadi inadhibitika. Kuna daftari la mahudhurio, kuna namba za simu za wazazi, na mtoto mmoja akiugua wengine wanajulishwa siku hiyo hiyo. Uwanja wa mtaani hauna hilo.

Anachopata mtoto. Mwalimu, ratiba, nidhamu, mkanda wa rangi mpya wa kusubiri. Kwa wasichana mara nyingi ni mahali pekee pa kucheza bila kusimamiwa na macho ya kijiwe. Kwa mtoto mwenye ulemavu, sakafu ya usawa ni afadhali mno kuliko kiwanja chenye mashimo. Na mwenye pumu anayebanwa na vumbi la Septemba anaweza kupumua vizuri zaidi ndani kuliko nje, jambo ambalo mashabiki wa "peleka nje" husahau.

Gharama. Ada ya mwezi, nauli, na usumbufu wa kujadiliana na kocha. Shirika la Afya Duniani halishauri barakoa wakati wa mazoezi makali, kwa hiyo usitegemee barakoa iokoe ukumbi mbovu. Inafaa kwa makocha na kwa wazazi wanaosubiri pembeni. Kwa watoto wa miaka mitano kushuka hailazimishwi hata kidogo.

Inamfaa nani. Mwenye kikundi kidogo kisichobadilika, ukumbi wenye madirisha pande mbili yanayokaa wazi kweli, vipindi vifupi, na nyumbani hakuna aliye dhaifu.

Njia ya pili: kuhamia uwanjani

Hewa. Hapa Dodoma inapendelewa. Mvua zetu ni chache, takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote mtoto anaweza kucheza nje kila siku bila kutazama mawingu. Pumzi ya mgonjwa ikitoka nje hutawanywa na upepo, na sisi upepo hatujawahi kuuomba. Hatari haiishi kabisa. Watoto wakigandana kusherehekea goli au wakishiriki chupa moja ya maji, ugonjwa unapita. Ila ni tofauti kubwa.

Watu. Huu ndio upungufu wake. Kiwanja cha wazi hakina mlango. Unampeleka mtoto kucheza na wenzake watano, baada ya nusu saa chandimu ina watoto ishirini na watazamaji wamejipanga. Hata shule zilipofungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa, na wanafunzi wa msingi wakakaa nje ya madarasa mpaka Juni 29, si watoto wote waliokaa ndani. Wengi walihamia viwanjani wakiwa wamechanganyika zaidi ya walivyokuwa darasani. Pia angalia njia ya kufika. Mtoto anayepanda daladala iliyofungwa vioo kutoka Nzuguni hadi katikati ya mji ili akacheze kwenye hewa safi amekutana na hewa ya kila mtu njiani.

Anachopata mtoto. Kukimbia kwa uhuru, jua, na michezo isiyohitaji kocha: rede, kombolela, kuruka kamba. Anachokosa ni mafundisho. Mtoto aliyekuwa anajifunza sarakasi hawezi kuendelea nayo kwenye changarawe bila kuumia.

Gharama. Ada inaweza isiwepo, lakini muda wa mzazi upo, maana lazima mtu mzima awe pale. Bodaboda hazina breki za kumwonea huruma anayefukuza mpira. Saa nazo zina wenyewe. Saa saba mchana jua ni la kuunguza, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia, hivyo muda halisi unaofaa ni saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili. Vumbi linataka maji ya kunawa uso mtoto akirudi. Si urembo: vikope (trakoma) ni ugonjwa wa macho wa zamani wa ukanda huu, Kongwa hasa, na nyuso chafu pamoja na nzi ndivyo vinavyousafirisha.

Kuna njia ya katikati ambayo haitumiwi vya kutosha: kumwomba kocha atoe darasa nje. Kivuli cha mwarobaini nyuma ya ukumbi kinatosha kwa kata, kwa kuruka kamba na kwa mazoezi ya viungo. Meza ya mpira inabebwa na watu wawili ikawekwa barazani. Lugha ya kuombea ni ya heshima tu: "Mwalimu, habari za kazi. Tunashukuru kwa unavyowalea watoto. Tulikuwa tunaomba, kwa kipindi hiki, Jumamosi tufanyie nje kwenye kivuli. Sisi wazazi tutaleta maji na mikeka." Ukiongeza hiyo ya mikeka, ni vigumu kukataliwa.

Inamfaa nani. Mtoto anayependa kucheza kuliko kushindana, familia yenye mtu mzima mwenye nafasi jioni, na nyumba yenye mzee ambayo hata hivyo haitaki mtoto afungiwe.

Njia ya tatu: kupumzika nyumbani

Hewa. Ni ya nyumbani, mnaivuta pamoja tayari. Hakuna hatari mpya, mradi watoto wa jirani hawajageuza sebule yako kuwa ukumbi. Hilo hutokea haraka kuliko unavyodhani, hasa penye king'amuzi kilicholipiwa.

Watu. Wachache kuliko njia zote.

Anachopata mtoto. Kidogo, tusidanganyane. Kwenye nyumba yenye ua, kamba, mdako na mpira wa ukutani vinaweza kufikisha dakika 60. Kwenye chumba na sebule ya kupanga Makole, na baba mwenye nyumba hataki kelele, haziwezi kufika kirahisi. Wiki mbili mtoto huvumilia. Miezi miwili ni habari nyingine: usingizi unaharibika, hasira zinapanda, simu inachukua nafasi yote. Mtoto wa kike, mara nyingi, muda wa mazoezi unageuka muda wa vyombo na kuchota maji. Usimhesabie hiyo kuwa michezo.

Gharama. Pesa kidogo, uvumilivu mwingi. Muulize kocha kama anaweza kutuma mazoezi mafupi ya video; lakini bila mtu mzima kukaa naye, mtoto ataishia kwenye video nyingine.

Inamfaa nani. Nyumba yenye mtu ambaye ugonjwa ukimpata ni hatari ya maisha, wiki ambazo maambukizi yamepanda sana, na janga ambalo watoto wenyewe ndio wanaougua vibaya.

Kwa hali yako

Kama unaishi na mzee, au na mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za saratani, ukumbi uwe wa mwisho kufikiriwa wakati maambukizi yapo juu. Uwanjani na kikundi kidogo panatosha. Chanjo ikishapatikana na wakubwa wa nyumba wakachanja, pima upya. Kwa UVIKO-19 chanjo zilizinduliwa nchini Julai 28, 2021 na zilianza na watu wazima, hivyo ulinzi wa nyumba ulianzia kwao.

Kama mko Dodoma kikazi na wazee wako Kondoa, Mpwapwa au mbali zaidi, hamna sababu ya kuishi kila siku kama mnaolala nao chumba kimoja. Mtoto anaweza kuendelea na ukumbi wenye hewa nzuri, kisha wiki mbili kabla ya likizo ya kwenda kwa bibi mkamhamishia nje au nyumbani. Familia za watumishi ndizo hulisahau hili: mazoezi yanaisha Ijumaa, Jumamosi alfajiri wako kwenye basi.

Kama nyumbani wote ni wazima na ukumbi umefaulu mtihani wa karatasi, endelea. Omba vipindi vikatwe viwe vya dakika 40, vikundi visichanganywe, na milango ifunguliwe dakika kumi kati ya kikundi na kikundi.

Kama ni Februari na mvua inanyesha, chaguo la uwanjani linapungua nguvu. Baraza lenye paa bila kuta, au banda la shule lililo wazi pande tatu, ni nusu ya ndani na nusu ya nje, na kwa hewa liko karibu zaidi na nje. Likikosekana, mchezo wa utulivu na wa watoto wachache ndani ni bora kuliko dansi ya watoto ishirini.

Kama mtoto ana pumu, selimundu au tatizo la moyo, ongea na daktari wake wa kliniki kabla hujachagua lolote kati ya haya matatu. Kwa wenye pumu, vumbi la nje na hewa nzito ya ukumbini vyote vina madhara, na anayejua kipi kinamzidi ni yule anayemwona kila mwezi.

Kama mtoto anajiandaa kwa mashindano, gawanya: mbinu zinazohitaji ukumbi ziwe siku moja kwa wiki na kikundi kile kile, pumzi na nguvu zijengwe nje siku zilizobaki. Siku ya mashindano yenyewe ndiyo ya kuogopa zaidi, maana hukusanya vikundi vilivyojitenga wiki nzima na kuviweka jukwaani pamoja.

Na mtoto mwenye homa, kikohozi kipya au koo linalouma hapewi hata moja kati ya njia hizo siku hiyo, hata kama anasema amepona na mechi ni kesho. Akishapona kabisa, aanze na kutembea, kisha kukimbia kidogo, ndipo mazoezi kamili. Akilalamika maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, au akizimia mazoezini, mpelekeni hospitali bila kusubiri asubuhi.